Sanamu na michoro ya wanafunzi kwenye viwanja vya chuo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima mapendekezo

Ukurasa huu ni wa wajumbe wa jopo na wa wanafunzi wanaoleta mapendekezo. Nimekaa kwenye majopo ya aina hii mara kadhaa, na maswali ni yale yale kila mwaka, hata mabishano ni yale yale. Mifano ya chumvi, mvua na jua ni ya Dar es Salaam na mwambao. Ukiwa Iringa au Eldoret, punguza chumvi, ongeza baridi.

## Mambo ya mwanzo

1. Sanaa ya hadharani chuoni ni kitu gani hasa?

Ni kazi ambayo mtu anakutana nayo bila kuifuata. Kwenye ukumbi wa maonesho mtu huingia kwa hiari yake. Sanamu iliyosimama njia ya maktaba humkuta aliyeona matokeo yake mabaya asubuhi hiyo, mzazi aliyekuja kuulizia ada, na mama aliyebeba ndoo ya vitumbua. Hakuna kati yao aliyeomba kuiona. Vigezo vyote vilivyo hapa chini vinatokana na tofauti hiyo.

Inaweza kuwa sanamu, mchoro wa ukutani, mozeki ya vigae, benchi lililochongwa au lango. Tangazo si sanaa ya hadharani, hata likichorwa vizuri namna gani (soma swali la 14).

2. Kwa nini kazi hizi wapewe wanafunzi wakati wasanii waliobobea wapo?

Kwa sababu wao ndio wanaoishi pale, na kwa sababu mwanafunzi huweza kutoa kitu ambacho wakubwa hawakukiona. Mwaka 1981 Marekani iliitisha shindano la kumbukumbu ya askari waliokufa Vietnam. Yakaja mapendekezo 1,421. Aliyeshinda alikuwa Maya Lin, mwanafunzi wa shahada ya kwanza chuo kikuu cha Yale, mwenye umri wa miaka 21. Mchoro wake ulikuwa wa kawaida sana, na wazo ni kuta mbili nyeusi zinazoshuka ardhini zikiwa na majina.

Kwetu huku, Gregory Maloba alitoka Kenya akasoma sanaa Makerere kwa Margaret Trowell, mwalimu aliyeanzisha shule ya sanaa pale, akabaki kufundisha hapo hapo, kisha akafanya sanamu ya Uhuru inayosimama Kampala tangu 1962. Mikono ya namna hiyo hukomaa kwa kupewa kazi mapema.

3. Nani wakae kwenye jopo?

Watu 5 au 7, wasigawanyike sawa kwa sawa. Awepo msanii, mwanafunzi asiyesoma sanaa, mtu wa kitengo cha majengo, na angalau mmoja anayefanya kazi mahali penyewe kila siku. Huyo wa mwisho ndiye anayesahaulika, na ndiye ningemwita wa kwanza.

Kuna kikao kimoja tulikuwa tunasifia kitako cha sanamu chenye umbo la bakuli, kila mtu akitaja mtungi, kisima, chemchemi ya elimu. Mzee wa bustani alikuwa kimya muda wote. Akanyanyua mkono: "Samahani wanangu, maji ya mvua yatatokea wapi?" Hapakuwa na tundu. Tulikuwa tunakaribia kupitisha dimbwi la mbu mbele ya bweni la wasichana. Mwombaji aliongeza bomba la nusu inchi, kazi ikapita.

4. Pendekezo kamili liwe na nini?

Maelezo ya ukurasa mmoja kwa lugha ambayo mtu wa idara nyingine ataielewa. Mchoro unaoonesha kazi ikiwa na mtu amesimama pembeni, ili kimo kionekane. Picha ya mahali iliyopigwa na mwombaji mwenyewe, si ya kupakua. Mchanganuo wa gharama, ratiba, na ukurasa wa matunzo: itasafishwa na nani, kwa kutumia kitu gani, mara ngapi. Modeli ya udongo au ya boksi si lazima, lakini mara nyingi husema zaidi ya maneno.

Ukurasa wa matunzo ukikosekana, usikate jina moja kwa moja. Mpigie mwombaji simu, mpe siku tatu. Wengi hawakuwahi kuambiwa.

## Kutoa alama

5. Alama zigawanywe vipi?

Mizani ninayoipendekeza kwa alama 100: mahali 30, wazo 25, uwezekano wa kujengwa 25, matunzo 20. Wasanii hulalamika kwamba wazo limepewa kidogo. Nawaelewa, ila wazo likikosa mahali pake hugeuka pambo, na kazi isiyotunzika huliaibisha wazo lenyewe ndani ya masika mawili.

Kila mjumbe ajaze karatasi yake peke yake kabla ya kikao. Mkianza kwa kuzungumza, wote wataishia kuandika alama za profesa.

6. Mahali panapimwaje?

Kwa kwenda. Nimeona majopo yakipitisha sanamu ya mita tatu bila mjumbe hata mmoja kusimama pale itakaposimama. Nendeni mara tatu: saa mbili asubuhi watu wanapokimbilia vipindi, saa saba mchana jua likiwa utosini, na saa moja jioni.

Chukueni mirunda miwili, kamba na maboksi ya kantini, mjenge umbo la kazi kwa kimo chake halisi. Liacheni siku mbili, kisha kaeni pembeni muangalie. Je, watu wanalizunguka au wanaligonga? Limeziba njia ya mkato ambayo wanafunzi wameikanyaga hadi nyasi zikaisha? Njia ile nyekundu ya vumbi ni kura iliyokwisha pigwa, na ukiiziba watapita juu ya kazi yako. Mara moja boksi tulilolifunika kwa karatasi ya fedha, kwa niaba ya bamba la chuma kisichoshika kutu, lilirusha mwanga wa saa nane moja kwa moja kwenye ubao wa darasa la ghorofa ya kwanza. Mhadhiri alifunga mapazia akafundisha gizani. Tuliigeuza kazi nyuzi chache tu upande wa kusini, tatizo likaisha, na haikugharimu hata shilingi.

Wanaodharau jambo hili wakumbuke New York. Mwaka 1981 uwanja wa jengo la serikali uliwekwa ukuta wa chuma wa msanii Richard Serra, wenye urefu wa takriban mita 36, ukikata uwanja katikati. Wafanyakazi waliolazimika kuuzunguka kila siku walilalamika, ukaja mjadala wa hadhara 1985, na 1989 ukakatwa ukaondolewa. Serra alikuwa bingwa, na alisema wazi kwamba kazi ile ilitengenezwa kwa ajili ya pale pale tu. Waliokuwa wakipita pale ndio hawakuwa wameulizwa.

Kuna pia sehemu ambazo tayari zina sura zake. Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliwahi kuwa kwenye noti ya shilingi 500 ya Tanzania. Mtu akipendekeza kuweka kitu mbele ya jengo la namna hiyo, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

7. Wazo zuri linatambulikaje?

Kwanza hesabu mienge, vitabu vilivyofunuliwa, kofia za mahafali na mikono inayoshika dunia. Kila shindano vinakuja, kwa sababu ndivyo vilivyo kwenye nembo za vyuo. Havikatazwi. Muulize mwombaji: kazi hii ikihamishiwa chuo kingine, itapoteza nini? Akikosa jibu, wazo bado halijazaliwa.

Halafu tazama nani anamtazama nani. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana na kamanda wao. Yeye juu, na chini yake askari Mwafrika aliyeinua uso kumtazama. Mwaka 1927 Waingereza wakaweka ile ya Askari tunayoifahamu wote, yupo peke yake, bunduki mkononi, uso kuelekea bandarini. Zote mbili ni za wakoloni na zote zina askari, ila mpangilio umebadilisha maana yote. Mjumbe wa jopo asome mpangilio kabla ya kusoma maelezo.

8. Anachora vizuri sana lakini wazo ni dogo, au kinyume chake. Tumchukue nani?

Mwenye wazo. Mkono unaweza kusaidiwa na fundi, wazo halikodishwi.

9. Majina ya waombaji yafichwe?

Ndiyo, kwa raundi ya kwanza. Pendekezo la Maya Lin (swali la 2) lilipelekwa likiwa na namba tu, 1026, na sijui wangapi wangelitazama mara ya pili kama wangejua ni la mwanafunzi.

Kwenye idara ndogo, hata hivyo, kuficha jina ni nusu ya dawa. Mhadhiri anaujua mkono wa mwanafunzi wake kama anavyoujua mwandiko wake. Aliyemfundisha mwombaji, anayemsimamia utafiti au aliye ndugu yake aseme mapema na asitoe alama kwa pendekezo hilo. Anaweza kubaki chumbani, ila mdomo ufungwe.

## Vifaa, mvua na fedha

10. Tutajuaje kama sanamu itadumu?

Ulizeni maswali ya fundi. Chuma cha kawaida karibu na bahari huota kutu hata kikipakwa rangi, na huanzia kwenye maungio aliyochomelea welda. Ama kipigwe galvanaizi (kivikwe zinki) baada ya kuchomelewa, ama bajeti iseme rangi itarudiwa kila baada ya muda gani. Alumini haina tatizo hilo la kutu nyekundu. Zile pembe za Mombasa zilizovuka Barabara ya Moi ni za alumini, na zimekula upepo wa chumvi tangu miaka ya 1950.

Sanamu nyingi za wanafunzi ni za saruji juu ya nondo na wavu wa kuku. Ni njia nzuri na ya bei ya kawaida, ila ina adui mmoja ambaye mwombaji hamwoni. Nondo ikikaa karibu mno na uso, chumvi inaifikia, inapata kutu, na kutu huvimba kuliko chuma chenyewe. Zege linapasuka kutoka ndani. Kwa mwambao dai sentimita 4 hadi 5 za zege juu ya nondo. Na muulize mchanga unatoka wapi. Akisema "hapo ufukweni, bure," pendekezo lirudi, kwa sababu atakuwa ameichanganya chumvi humo humo ndani.

Kwa kitu chochote kinachozidi kimo cha mtu, mhandisi wa chuo atie sahihi kwenye msingi. Upepo wa kusi hausomi maelezo ya msanii.

11. Na michoro ya ukutani?

Pimeni ukuta kabla ya kupima mchoro. Chukua kipande cha nailoni angavu chenye ukubwa wa karatasi mbili za mtihani, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani, ukuta una unyevu na rangi itabanduka. Ukiona unga mweupe chini ya madirisha, hiyo ni chumvi inayotoka ndani, jibu ni lile lile. Plasta mpya isubiri siku 28.

Nalisema hili kwa uchungu. Chuo kimoja nilipokuwa kwenye jopo, tulipitisha mchoro wa soko la samaki uliokuwa mzuri kupita yote niliyoyaona mwaka huo. Kulikuwa na mama muuza dagaa aliyechorwa hadi mikunjo ya kanga. Hakuna aliyegusa ukuta. Masika ilipokwisha, mama yule alikuwa amebaki kuanzia kifuani kwenda juu. Chini yake rangi ilikuwa inaning'inia kama ngozi ya nyoka. Mwanafunzi alikuja kutuonesha picha kwenye simu, akaniuliza, "Mwalimu, nilikosea wapi?" Hakukosea. Tulikosea sisi.

Jua nalo lina upendeleo: baadhi ya rangi nyekundu na za waridi hufifia mapema zaidi kuliko kahawia, nyeusi na nyekundu ya udongo. Ukuta unaotazama magharibi usibebe mchoro unaotegemea waridi.

12. Mbao inafaa?

Nje, mara chache, isipokuwa mpingo au mti mwingine mgumu ulioinuliwa usiguse udongo, na hata hapo mchwa hawalali. Ndani, bila shaka. Sanamu ya mhanga wa vita ya Francis Nnaggenda, ya mbao, ipo ndani ya maktaba kuu ya Makerere, na sioni mahali pengine ambapo ingekuwa na nguvu zaidi. Mwombaji wa mbao aoneshwe ukumbi, ngazi na maktaba kabla ya kuambiwa hapana.

13. Usalama na bajeti: tuangalie nini?

Chuoni kuna watoto wa wafanyakazi, na watapanda. Mapengo ya kati ya sentimita 9 na 23 ndiyo yanayonasa kichwa cha mtoto, basi yawe madogo kuliko hapo au makubwa zaidi. Ncha zilizo usawa wa macho zikatwe. Mtu asiyeona anayetumia fimbo aweze kuigundua kazi kabla paji la uso halijaigundua. Kitu kinachoning'inia bila chochote chini yake ni hatari kwake.

Kwenye bajeti, tafuteni vitu visivyoandikwa: msingi, usafiri, mirunda, welda, ulinzi wa saruji usiku, kibao cha jina. Dai akiba ya asilimia 10 hadi 15. Na tafadhali, mwanafunzi asitangulize fedha yake. Nimemjua aliyenunua nondo kwa bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, akasubiri kurudishiwa hadi mitihani, akiishi kwa mihogo. Chuo kilipe vifaa moja kwa moja dukani, na mwanafunzi alipwe ujira wake kwa awamu.

## Yenye utata

14. Mfadhili anataka nembo yake ionekane.

Kwenye kibao, kwa herufi zisizozidi za jina la msanii. Isiwe ndani ya kazi, na rangi za kampuni zisiwe sharti. Akikataa, hakuwa anafadhili sanaa, alikuwa ananunua ukuta, na ukuta una bei nyingine kabisa.

15. Pendekezo ni sanamu ya kiongozi au mtu maarufu.

Pimeni kwa ukali mara mbili. Chuo Kikuu cha Ghana kiliwekewa sanamu ya Gandhi mwaka 2016. Wahadhiri wakapinga kwa sababu ya aliyowahi kuandika kuhusu Waafrika, ikaondolewa 2018. Cape Town, sanamu ya Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza, iliyokaa chuoni tangu 1934 iliondolewa Aprili 2015, mwezi mmoja tu tangu wanafunzi waanze kuidai ishuke. Na Wissmann wa swali la 7? Waingereza walimshusha, akaishia Hamburg, na mwaka 1922 akasimamishwa mbele ya chuo kikuu cha huko. Wanafunzi walimwangusha 1967, akarudishwa, wakamwangusha tena 1968. Sanamu ya Dar es Salaam, imeangushwa na wanafunzi wa Ujerumani.

Muulizeni mwombaji kwa nini mtu huyu, kwa nini hapa, na nani hatapenda. Kama mtu huyo bado yuko hai, mimi hupendekeza kungoja.

16. Dini, siasa, mwili wa mtu bila nguo?

Hakuna sheria moja, na anayekuambia ipo anataka kuondoka mapema kwenye kikao. Rudi swali la 1: anayepita hakuchagua. Kazi yenye mwili uchi inaweza kufaa ua wa ndani wa idara ya sanaa na isifae njia ya msikiti na kanisa, bila mtu yeyote kubadili kazi yenyewe. Badilini mahali kabla ya kubadili kazi. Kumtaka msanii "aongeze nguo kidogo" huzaa kitu ambacho hakuna anayekitaka.

17. Wanafunzi wanataka kumkumbuka mwenzao aliyefariki.

Msiwatie kwenye shindano. Kuupa msiba alama 62 ni ukatili. Waiteni pembeni, iitwe familia, na zungumzeni juu ya mti, benchi au kibao kidogo. Subirini arobaini ipite kabla ya kuamua chochote cha kudumu. Uso uliochongwa kutoka picha ya simu mara nyingi haufanani, na mama mzazi ndiye atakayesimama mbele yake.

18. Picha za pendekezo zimetengenezwa na akili mnemba.

Kama ni za kuonesha mandhari, aseme wazi na tuendelee. Kama ndiyo kazi yenyewe, mpeni udongo na saa mbili chumbani atengeneze kona moja ya sanamu. Programu hupenda kuchora chuma kinachoelea bila maungio. Welda ataliona kabla yenu.

19. Kazi ni mali ya nani?

Kitu chenyewe huwa cha chuo baada ya malipo, kama mkataba unavyosema. Hakimiliki ni jambo jingine: Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na chini yake mtunzi ana haki ya kutajwa jina na kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Kuipaka rangi upya bila kumuuliza, eti kwa sababu mgeni rasmi anakuja, ni kutafuta kesi. Mkataba uandike mapema nani ataamua kazi ikitakiwa kuhama, na msanii apewe siku ngapi kuja kuitazama au kuichukua.

20. Anahitimu kabla hajamaliza.

Andikeni mwanzoni msaidizi wa mwaka wa chini. Bila hivyo mtabaki na miguu miwili ya nondo mbele ya utawala, na miaka miwili baadaye kila mtu ataiita kwa jina la utani.

21. Hakuna pendekezo linalofaa.

Semeni hivyo, msitoe zawadi, itisheni upya mkiwa na maelezo bora ya mahali. Kamati huogopa fedha zirudi hazina, ikachagua "angalau hili". Angalau hilo litakaa miaka 20.

22. Tumeamka tumekuta kazi imewekwa usiku bila idhini.

Piga picha, weka utepe kuzunguka, mwite mhandisi aone kama itamwangukia mtu. Kama si hatari, iacheni wiki mbili huku jopo likiitisha karatasi za swali la 4 kutoka kwa yeyote atakayejitokeza. Mimi nimewahi kumpa alama za juu za mahali kuliko wote mtu aliyejitokeza siku ya kumi na tatu, akiwa na jasho, ameshika mchanganuo wa gharama ulioandikwa nyuma ya karatasi ya mtihani.